Amani, Nyumbu, na Vita Viwili vya Ziwa Letu

Katika milima ya Usambara ya Mashariki, juu ya Muheza, pana mahali paitwapo Amani. Na huko Kibaha, katika mkoa wa Pwani, pana karakana kubwa ya Serikali iitwayo Nyumbu. Mahali hapa pawili pako mbali sana na Mwanza, hata mtu wa Sengerema au wa Ukerewe aweza kumaliza miaka yake yote asisikie mtu akipataja. Lakini sisi tukaao kando ya Ziwa tunayo sababu ya kuzijua habari zake. Vita viwili vimepata kufika katika pwani yetu, na kila kimoja kiliwafanya watawala wa nchi wawaendee wataalamu na kuwaambia, “Njia zimefungwa, tutafutieni humu humu nchini vitu tulivyozoea kununua.” Twataka kueleza waliyotafuta, na yaliyowapata baada ya njia kufunguliwa tena.

Wadachi walipoitawala nchi hii walianzisha huko Amani, mwaka 1902, chuo cha kuchunguza mimea na kilimo, nacho kililipiwa kwa fedha ya serikali yao. Mkuu wake wa kwanza aliitwa Franz Stuhlmann. Bwana huyu hakuwa mgeni wa Ziwa: mwaka 1890 alifika huku pamoja na Emin Pasha, katika safari ile iliyosimamisha boma la Bukoba. Huko Amani walipanda mimea iliyotoka nchi nyingi za dunia: mikwinini, mikakao, mipira, viungo vya chakula, miti ya mbao na mimea ya nyuzi na ya mafuta. Wakajenga nyumba za kupimia dawa na udongo, wakachapa gazeti la kuwafundisha wenye mashamba. Neno moja yatupasa tuliseme wazi: chuo kile hakikuwekwa kwa ajili ya mkulima wa Usukuma. Kiliwekwa kwa ajili ya mashamba ya Wazungu na viwanda vya Ulaya.

Mwezi wa Agosti mwaka 1914 vita vikaanza. Manowari za Waingereza zikaizuia pwani yote, kuanzia Tanga hata Lindi. Kwetu huku mambo yalikuwa mabaya zaidi. Msomaji akumbuke kwamba wakati ule reli haikuwa imefika Mwanza. Ilifika mwaka 1928. Reli ya Waingereza ilikuwa imefika Kisumu tangu mwaka 1901, na kwa hiyo biashara ya Mwanza ilipita ziwani kwa stima hadi Kisumu, kisha kwa gari moshi hadi Mombasa. Ngozi na karanga zilitoka kwa njia hiyo, na nguo na mafuta ya taa yaliingia kwa njia hiyo hiyo. Siku moja Kisumu ilikuwa soko letu, na siku ya pili ilikuwa bandari ya adui. Stima nyingi za ziwani zilikuwa za Waingereza. Wadachi walikuwa na vyombo vichache vidogo. Mwezi wa Juni mwaka 1915 Waingereza waliivamia Bukoba, wakaibomoa mitambo ya simu ya upepo, kisha wakarudi Kisumu.

Katika vita vile vyote Wadachi walipokea merikebu mbili tu za kuwaletea silaha, Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916. Vitu vingine iliwapasa kuvipata humu nchini au kuvikosa. Ndipo Amani ilipopata kazi mpya. Katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza wa vita, chuo kile kilitengeneza kwa mazao yake chupa 15,200 za pombe kali, ratli 15,700 za chokoleti na kakao, vipande 10,000 vya sabuni, pakiti 2,652 za unga wa kusafishia meno, pamoja na mafuta ya mbarika, viungo, na vitu vya mpira vya namna nyingi. Msomaji asiucheke unga wa meno. Hesabu kama hii yaonyesha jinsi taifa la viwanda lilivyokuwa limezoea kuletewa kila kitu kwa merikebu, hata kile ambacho babu zetu walikipata kwa kutafuna kijiti cha mswaki.

Jambo kubwa lilikuwa kwinini. Jeshi lisilokuwa na kwinini katika nchi za mabondeni haliwezi kusimama, maana homa huua wengi kuliko risasi. Magome ya mikwinini iliyopandwa Usambara yalitolewa dawa ikafanywa vidonge. Na baadaye, majeshi yalipokuwa yakikimbia kusini, yalichemshwa tu yakanywewa maji yake, machungu kupita kiasi, na askari wakayapa jina la kileo kwa jina la jemadari wao, Lettow-Vorbeck. Mahali pengine katika nchi watu walifanya ustadi wa namna nyingine. Mbata ilitolewa kitu mfano wa petroli cha kuendeshea motokaa, nacho kikaitwa trebol. Utomvu wa mipira ulichanganywa na kiberiti ukafanywa matairi. Nguo zilifumwa kwa mikono na kutiwa rangi kwa magome ya miti. Huko Tabora, katika karakana ya reli, zilipigwa sarafu za dhahabu ya Sekenke zenye picha ya tembo, na nyingine za shaba. Kwa ufupi, nchi ambayo jana ilikuwa haijiwezi hata kwa sindano, ikaishi miaka miwili kwa akili na mali yake yenyewe.

Hapo ndipo wasifuo ustadi wa Wadachi hukomea. Sisi hatuwezi kukomea hapo. Kwinini ile walipewa Wazungu na askari. Wapagazi waliobeba mizigo hawakuwa na fungu katika dawa hiyo kama walivyokuwa na fungu katika kazi. Wasukuma na Wanyamwezi, waliokuwa wapagazi hodari tangu zamani za misafara, walichukuliwa na pande zote mbili kwa maelfu, na wengi wao hawakurudi. Walikufa kwa kuhara, kwa homa, kwa njaa na kwa baridi ya milimani. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Elimu ya Amani ilikuwa elimu ya kweli, lakini ilipimwa kwa kijiko, na waliokuwa chini hawakufikiwa na kijiko hicho.

Hapa Mwanza yenyewe tulipata sehemu yetu ya ustadi wa vita. Mwaka 1915 manowari ya Wadachi iitwayo Königsberg ilizamishwa katika delta ya Rufiji. Mizinga yake kumi ilitolewa majini, na mafundi wa Dar es Salaam wakaifanyia magurudumu ili iweze kwenda nchi kavu. Mmoja wa mizinga hiyo uliletwa Mwanza ili kuulinda mji na stima za Waingereza. Reli iliufikisha Tabora tu. Kutoka hapo hata Ziwa nguvu za kukokota zilikuwa nguvu za watu na kamba. Fikirini mzinga wa manowari, uliotengenezwa Ulaya kwa ajili ya bahari kuu, ukivutwa katika vumbi la Unyamwezi na Usukuma, gurudumu lake likizama mchangani, na watu mamia wakiitikia wimbo mmoja. Na kazi ile yote ilifaa nini? Mwezi wa Juni mwaka 1916 Waingereza waliitwaa Ukerewe, na tarehe 14 Julai Jemadari Crewe akaingia Mwanza. Wadachi walikuwa wamekwisha kuondoka kusini, na mzinga wao haukuwaokoa. Ndugu zake mzinga huo wangali wakionekana mpaka leo, mmoja katika Ngome ya Yesu huko Mombasa, na mwingine Pretoria.

Mwaka ule ule Amani nayo ikawa mikononi mwa Waingereza. Na sasa, msomaji, angalia jambo hili. Chuo kilichokuwa kimefanya mambo yote yale katika dhiki, kilipopata raha kiliachwa. Bahari ilikuwa wazi. Kwinini na sabuni na petroli viliweza tena kununuliwa. Serikali mpya haikuwa na fedha, au ilisema haina. Maabara zikakaa kimya na msitu ukaanza kuirudia bustani. Tume ya bunge la Uingereza iliyozunguka Afrika ya Mashariki mwaka 1924 ililalamika juu ya hali hiyo, na chuo kikafunguliwa tena mwaka 1927, safari hii kwa ajili ya nchi zote za Afrika ya Mashariki pamoja. Kisha kikafanya kazi njema ambayo hata sisi wa Ziwa twaila: huko Amani ndiko walikoanza kuzalisha mihogo iwezayo kuushinda ugonjwa wa batobato. Baadaye wachunguzi wa kilimo walihamia Muguga, Kenya, na Amani ikawa mahali pa kuchunguza malaria. Tangu Serikali yetu ilipounda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu mwaka 1979, kituo cha Amani na kituo cha Mwanza vimekuwa watoto wa nyumba moja. Lakini trebol haikutajwa tena. Aliyejua kuitengeneza hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Hiyo ndiyo habari ya vita vya kwanza. Vya pili vilikuja watu wengi wangali hai wakaviona.

Mwezi wa Septemba mwaka 1972 wafuasi wa Milton Obote waliingia Uganda kutoka nchi yetu kumpiga Idi Amin, wakashindwa. Amin akajibu kwa kuzituma ndege zake kutupa mabomu Bukoba na Mwanza. Mji uliokuwa umesahau mizinga tangu 1916 ukajua tena kuangalia juu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na pamoja nayo zikagawanyika reli, stima, ndege na karakana zilizokuwa mali ya nchi tatu. Jambo hili watu hulitaja upesi na kulipita, lakini kwa fundi wa Mwanza lilikuwa jambo zito: vyombo na vipuri vilivyokuwa Nairobi sasa vilikuwa ng'ambo ya mpaka, na mpaka wenyewe ukafungwa.

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliivamia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba nchi hiyo ni yake, na tarehe 3 daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere akaliambia taifa kwamba tutapigana. Jeshi letu halikuwa na magari ya kutosha kuchukua maelfu ya askari na mgambo kutoka pande zote za nchi mpaka Kagera, kwa hiyo malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kwa kazi hiyo. Gari lililozoea kubeba magunia ya pamba likabeba watu na risasi, katika mvua za masika na matope ya Bukoba. Mengi hayakurudi, na yaliyorudi hayakuwa magari tena.

Mwishoni mwa Machi 1979, majeshi yetu yakiwa yanaikaribia Kampala, Libya iliyokuwa ikimsaidia Amin ilituma ndege yake kubwa ya mabomu, aina ya Tupolev, kuja kuipiga Mwanza. Haikutumwa kupiga boma wala kambi. Shabaha yake ilikuwa ghala la mafuta. Adui alijua kisa chetu kuliko tulivyokijua wenyewe: mafuta yale yalikuwa yamenunuliwa nchi za ng'ambo, yakateremshwa Dar es Salaam, yakasafiri kwa reli zaidi ya kilometa 1,200 hata kufika kwetu, na bila hayo malori yote yaliyokusanywa yangesimama kama mawe ya Bismarck. Rubani alikosa. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane kilicho mbele ya mji, kilichokuwa bustani ya wanyama tangu mwaka 1964, na waliokufa walikuwa swala. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili.

Watu wa Mwanza huieleza habari hii kwa kicheko, nasi hatuwanyimi kicheko chao, kwa kuwa kukoswa na bomu ni jambo la kufurahia. Lakini kisa cha ghala kingalipo. Mwaka ule ule wa 1979 bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara mbili. Vita vilikuwa vimeila nchi yetu fedha nyingi, yapata dola milioni 500 kwa hesabu inayotajwa mara nyingi. Fedha za kigeni zikaisha. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 mkulima wa Magu au Kwimba alichuma pamba yake ikalala ghalani, maana lori lilikuwapo lakini tairi hakuna, au tairi lilikuwapo na dizeli hakuna. Njia ilikuwa imefungwa tena, safari hii bila manowari.

Katika hali hiyo Serikali ililianzisha rasmi, mwaka 1985, Shirika la Nyumbu, yaani kituo cha teknolojia ya magari, chini ya wizara ya ulinzi. Hatusemi kwamba vita peke yake ndivyo vilivyolizaa. Fikira ya kujitegemea ilikuwa ya zamani zaidi, na tayari katika miaka ya 1970 palikuwapo shirika lingine la jeshi huko Morogoro la kutengeneza risasi, liitwalo Mzinga. (Lugha yetu ina mzaha wake: neno hilo hilo moja laita chombo cha nyuki na chombo cha mauti.) Kazi ya Nyumbu ilikuwa kufanya uchunguzi na kubuni gari la nchi hii: lori la kuwafaa askari na raia, liwezalo kupita njia ambazo si njia. Jina lilichaguliwa vizuri. Sisi tulio jirani na Serengeti twamjua nyumbu. Si mzuri wa sura, lakini hula nyasi azionazo, huvuka mito, na hutembea mwendo mrefu kupita wanyama wengi walio wazuri.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Hapo hapo Kibaha palikuwa na kiwanda kilichounganisha malori ya Scania. Vipande vilitoka Sweden vikiwa vimekwisha kufanywa, navyo vikafungwa pamoja. Kazi hiyo yafaa, lakini njia ikifungwa, kiwanda nacho hufungwa. Nyumbu walitaka jambo gumu zaidi: kuyeyusha chuma, kukimimina katika kalibu, kuchonga gia, kuchora kila kipande na kujua kwa nini kiko hivyo. Lori la jina hilo lilitengenezwa na kujaribiwa. Kwa muda mfupi Tanzania ilihesabiwa katika nchi chache za Afrika zilizothubutu kubuni gari lake lenyewe.

Kisha njia zikafunguliwa. Mwaka 1986 Serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, biashara ikalegezwa, na kwa muda wa miaka michache magari yaliyokwisha kutumika Japani yakajaa barabara zetu. Mtu wa Mwanza aliyekuwa akingoja lori miaka mitano akapata pikapu kwa fedha ya ng'ombe wake. Twakiri kwamba lilikuwa jema. Mkulima hawezi kuiacha pamba yake ioze ili mafundi wajifunze. Wako wasemao, nao si wajinga, kwamba yafaa kununua kwa bei rahisi kuliko kutengeneza kwa bei ghali. Lakini Serikali ilifanya na Nyumbu kama ile ya Kiingereza ilivyofanya na Amani: haikuifunga, wala haikuilisha. Fedha zilipungua, mashine zikazeeka, na mafundi waliofundishwa kwa gharama ya taifa wakazeeka pamoja nazo. Gari ambalo lingekuwa na kizazi cha pili na cha tatu likabaki mzaliwa wa kwanza asiye na wadogo zake.

Si lazima mambo yawe hivyo. Nchi ya Brazil, mwaka 1975, nayo ikiwa imebanwa na bei ya mafuta, ilianza kwa fedha ya serikali kutengeneza spiriti ya miwa ya kuendeshea magari. Mafuta yaliposhuka bei baadaye, wengi walisema kazi ile ni hasara tupu, na kwa miaka kadha ilikuwa hasara kweli. Hawakuiacha kabisa. Leo magari mengi ya nchi ile huendeshwa kwa spiriti hiyo au kwa petroli iliyochanganywa nayo. Walichokuwa nacho Wabrazili hakikuwa akili nyingi kuliko za wale waliokamua trebol katika mbata. Walikuwa na mlipaji asiyechoka njia ilipofunguka.

Siku hizi habari za Nyumbu zimeanza kusikika tena. Shirika limeunda magari ya kuzima moto, na hufanya vipuri na mashine kwa ajili ya viwanda na wakulima. Wakubwa wa nchi wameitembelea karakana na kuahidi fedha, na kila mwaka wizara ya ulinzi husimama bungeni kuomba fungu lake.

Na kisiwa cha Saanane, kilichopewa jina la mzee mvuvi aliyekuwa akikaa huko, kimekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013. Tukiwapeleka wanafunzi wetu, mashua huchukua dakika chache tu kutoka Capri Point. Wanafunzi huenda kutazama swala na pimbi, na kupanda juu ya mawe wauone mji wote ulivyokaa. Kutoka hapo juu huonekana malori yakiingia na kutoka mjini, nasi huwaambia wahesabu ni mangapi yaliyotengenezwa Tanzania.